Aliyenyimwa Salamu Njiani, Akapewa Safuni

Inasimuliwa, na ukweli wote uko kwa Mola aliyetukuka, kwamba katika mji wa Wasiti, nchi ya Iraki, palikuwa na mja mwema jina lake Shadadi bin Waili. Kazi yake ilikuwa kushona viriba, ile mifuko ya ngozi ambayo wasafiri huchukulia maji. Mwanawe wa kwanza alikuwa Tamimu, kwa hiyo watu walimwita Abu Tamimu. Ilitokea kwamba kinyozi wa mtaa uleule naye alikuwa na mtoto aitwaye Tamimu, na yeye pia akawa Abu Tamimu. Sisi mshona viriba tutamwita Shadadi na kinyozi tutamwita kinyozi, tusije tukababaika kama walivyobabaika wenyewe.

Shadadi alikuwa na sahibu wa chanda na pete, Kudama bin Rabia, mchonga kalamu za matete. Walisoma kwa mwalimu mmoja, wakala sinia moja, wakazikiana wazazi. Kudama alikuwa na kigugumizi. Akiwa na mtu mmoja au wawili maneno yalimtoka kama kawaida, lakini mbele ya kadamnasi ulimi ulimganda, akawa anaisukuma herufi moja mpaka jasho linamtoka. Hili Shadadi alilijua kuliko mtu yeyote, maana ndiye aliyekuwa akikaa naye tangu utoto na kumngoja amalize.

Basi ukawadia mwaka ambao Shadadi alijaaliwa uwezo wa kwenda Hija. Alikuwa ameitamani tangu ujana, na sasa ndevu zilikwisha ingia mvi. Katika mji ule ilikuwa ada kwamba haondoki mtu kwenda Nyumba Tukufu mpaka apite mlango kwa mlango kutaka radhi: "Kama nimekukosea, nisamehe, kama una haki kwangu, itamke." Wengi waliifanya ada hiyo kwa haraka, kama mtu anayepukuta mkeka. Shadadi hakuwa hivyo. Yeye aliweka nadhiri moyoni kwamba kama atabaki hata mtu mmoja asiyemwia radhi, hatatoka. Alisema, "Nitaizungukaje Nyumba ya Mola, na huku nyuma nimemwacha mja Wake hataki kunitazama?"

Na mtu huyo mmoja alikuwapo. Alikuwa Kudama.

Tangu walima mmoja, karamu ya harusi, uliofanyika mwezi wa Rajabu, Kudama aliacha kusema naye. Hapakutangulia ugomvi wala neno baya. Shadadi alimsalimu asubuhi sokoni, "Asalamu alaykum, ewe Kudama," na Kudama akainama kama aliyeona kitu mchangani, akapita. Shadadi akadhani hakusikia. Siku ya pili akamsalimu kwa sauti ya kumwamsha maiti, wenye maduka wakageuka wote, Kudama akapita. Ya tatu ikawa vivyo hivyo. Nanyi mnajua, ndugu zangu, kwamba Muislamu hahalalishiwi kumnunia nduguye zaidi ya siku tatu. Kudama naye alilijua hilo vizuri. Basi lilikuwa jambo la ajabu, kwa kuwa Kudama alikuwa mtu mcha Mungu, mwenye kuogopa hata kukanyaga kivuli cha mtu.

Sitawaficha, mwanzoni Shadadi alikasirika. Alirudi nyumbani akawa anaichoma ngozi sindano kana kwamba ngozi ndiyo iliyomkosea. Alikuwa anaumia, tena sana. Kutukanwa na adui si kitu. Mtu hujibu, au husamehe, yakaisha. Lakini kupitwa na rafiki kama vile wewe ni nguzo ya soko! Alifikia kuwaza kwamba na yeye asimsalimu tena, wawe sare. Kisha akajiuliza, "Je, nimekuwa nikimsalimu Kudama ili anijibu, au kwa kuwa kumsalimu ni wema?" Jibu lake mwenyewe halikumpendeza. Akaendelea kumsalimu.

Wakaja wafasiri, maana watu hawakosi. Mmoja akasema, "Kudama anakuonea kijicho kwa hiyo Hija." Mwingine akasema, "Mtu akinyamaza hivyo jua ana siri yako." Shadadi akawaambia, "Sijaota ndoto hata mniletee tafsiri. Nikitaka kujua yaliyo moyoni mwa Kudama, moyo wake uko hapa hapa mtaani."

Hapa ndipo mimi ninapompendea mzee huyu. Hasira ilipomtoka, haikuja huzuni kukalia mahali pake. Ilikuja hamu ya kujua. Alianza kumtazama rafiki yake kama mtu anayetazama kufuli asiyo na ufunguo wake. Alijichunguza yeye kwanza. Akakumbuka kwamba zamani aliwahi kumshonea Kudama kiriba, na huenda kilivuja. Akakaa akashona kipya kwa ngozi nzuri ya mbuzi, akakitia mafuta, akakitundika mlangoni kwa Kudama bila kusema kitu. Akajisemea, "Kama ananichukia, atakirudisha, au atampa maskini." Alipopita baadaye alikiona kiriba kile kivulini kwa Kudama, kimejaa maji, kinadondosha tone tone. Kudama alikuwa anakinywea.

Shadadi akarudi nyumbani akitikisa kichwa. Akamwambia mkewe, Lubaba, "Huyu mtu hataki salamu zangu lakini maji ya kiriba changu anayanywa. Mtu aliyekukasirikia hufanya hivyo?"

Lubaba alikuwa mwanamke mwenye jicho kali na ulimi wa haraka. Akasema, "Abu Tamimu, nikwambie la ajabu zaidi?"

"Niambie."

"Nyinyi wanaume msikitini mnaitazama kibla. Sisi tulio safu za nyuma, kabla imamu hajaleta takbira, tunawatazama nyinyi. Huyo Kudama wako kila sala anakutafuta. Akiingia kwanza hutazama huku na huku mpaka akuone, kisha hupenya katikati ya watu kama paka jikoni mpaka asimame ubavuni mwako. Juzi kamsukuma mzee wa watu. Sisi huko nyuma tunacheka."

Shadadi akashangaa. "Ubavuni mwangu? Mimi nilidhani ni nasibu."

"Nasibu gani hiyo isiyokosa sala hata moja?"

Sala iliyofuata Shadadi alifanya mtihani. Alikwenda kusimama mwisho kabisa wa safu, karibu na ukuta wa kushoto. Kabla ya takbira akasikia nguo zinachakarika, na bega likagusa bega lake la kulia. Alikuwa Kudama. Sala ya baadaye akakimbilia upande wa pili, kwenye mlango, mahali pa upepo ambapo hakuna mtu apapendaye. Bega likaja upande wa kushoto. Shadadi alizuia cheko, kisha akamwomba Mola msamaha kwa kuwaza mambo ya mabega mbele Yake.

Imamu alipofika mwisho wa sala akatoa salamu, kulia na kushoto, na watu wote wakageuza nyuso wakitoa salamu kama ilivyo. Hapo Shadadi alitega sikio. Kudama alipogeukia upande wa pili, kwa mtu mwingine, alisema upesi, "Asalamu alaykum warahmatullah." Lakini kwa upande aliosimama Shadadi alisema taratibu, neno kwa neno, akaongeza na "wabarakatuh", na mwisho wa sauti yake ulikuwa unatetemeka.

Shadadi alibaki ameketi pale mpaka msikiti ukawa mtupu. Alikuwa akinyimwa salamu njiani, kumbe mara tano kwa siku alikuwa akipewa safuni, naye hakujua. Akasema moyoni, "Huyu hanichukii. Huyu amefungwa. Ni kitu gani kinachomfunga mcha Mungu mdomo nje ya sala, kikamwachia ndani ya sala?" Akawaza, akawazua, akapata jibu moja tu.

Wakati huo msafara wa mahujaji ulikuwa umekwisha anza kukusanyika nje ya mji, ngamia wanapigwa chapa, na viriba alivyovishona Shadadi mwenyewe vinajazwa maji. Ijumaa ikiswaliwa, msafara unaondoka. Shadadi alikuwa amepita milango yote, amepata radhi za watu wote, hata za majirani aliogombana nao kwa ajili ya mbuzi. Akaenda kwa Kudama, akamkuta anachonga matete, akakaa mbele yake.

Akasema, "Ndugu yangu, sikuulizi kwa nini husemi nami. Nakuuliza hivi: umeapa?"

Kisu kikasimama juu ya utete. Kudama hakujibu, lakini macho yake yalijaa machozi, na machozi si maneno, hayavunji kiapo.

"Basi inuka twende kwa Bibi Unaysa. Wewe sema na yeye, mimi nitakaa nisikilize. Kumsikia mtu si kusema naye."

Bibi Unaysa bint Zuhairi alikuwa mwanachuoni wa fikihi, na wake kwa waume wa Wasiti walikwenda kumuuliza mambo ya dini. Alijibu akiwa nyuma ya pazia, huku akifanya kazi zake za nyumbani, na hakuwa na subira na maswali marefu. Walipobisha hodi wakaketishwa upande huu wa pazia.

"Uliza, na ufupishe," akasema. "Nina unga unaumuka."

Kwa kuwa aliyesikiliza alikuwa pazia, ulimi wa Kudama haukuganda sana. "Bibi, mtu ameapa kwa jina la Mola kwamba hatasema na fulani mpaka kufa. Na jina hilo la fulani wanalo watu wawili, Abu Tamimu wote. Afanyeje?"

"Kwa nini aliapa?"

"Kwenye walima aliombwa aombe dua, akakwama kwenye herufi. Mmoja wa hao wawili, kinyozi, akapaza sauti akasema, 'Mlango wa kinywa umekwama, mleteeni seremala!' Watu wakacheka. Mtu yule akatoka nje, akaapa."

"Basi aliyekusudiwa ni kinyozi. Kiapo hufuata nia. Mwenzake hayumo. Swali limekwisha, nenda salama."

Shadadi alitaka kuruka kwa furaha. Lakini Kudama hakuinuka.

"Bado uko?" akauliza Bibi Unaysa. "Nasikia unapumua."

"Bibi, yule wa pili naye alikuwapo."

"Alisema nini?"

"Hakusema kitu." Hapo herufi ikaanza kumsumbua Kudama. "A... a... alicheka. Dhihaka za kinyozi nilizizoea, Bibi, yeye humdhihaki hata anayemnyoa. Lakini kicheko cha yule sijapata kukisikia juu yangu tangu utoto. Katika vicheko vyote vile nilisikia kimoja tu. Nilipoapa, yeye ndiye niliyemtia kwanza."

Nyuma ya pazia sauti ya mikono iliyokuwa inakanda unga ikatulia.

"Na kisha?" akauliza kwa upole.

"Kisha hasira ikanitoka, nikatamani kumsalimu, nikaogopa kiapo. Nikaona katika salamu ya kumaliza sala hakuna kusemeshana, basi nikawa nasimama karibu naye ili imfikie."

"Ewe mja wa Mola," akasema Bibi Unaysa, "umehangaika kutafuta tundu la ukutani, na mlango uko wazi. Jina la Mola halikuwekwa liwe komeo la kuufungia wema. Aliyeapa kuacha jema na alitende hilo jema, na kiapo akitolee kafara, alishe maskini kumi. Hili wanalijua hata watoto wa chuoni. Wewe hukulijua?"

Kudama aliinamisha kichwa. "Nililijua."

"Basi hukufungwa na kiapo. Ulijifunga mwenyewe, ukamsingizia Mola."

Neno hili lilimwingia Kudama kama maji ya baridi. Bibi Unaysa akaendelea, "Na huyo aliyecheka, yuko wapi?"

"Yuko hapa, kando yangu."

"Ehe! Ewe uliye kando. Ulicheka?"

Hapa, enyi ndugu zangu, ndipo mtihani ulipokuwa. Miezi yote ile Shadadi alikuwa amejichunguza, amekumbuka mpaka kiriba kilichovuja, lakini kicheko kile hakikumjia akilini hata mara moja. Mtenda husahau. Sasa kikamjia chote: sinia lililokuwa mbele yake, kinyozi na tabasamu lake, na sauti yake mwenyewe ikitoka kooni. Angeweza kusema, "Sikumbuki," na hakuna ambaye angemkadhibisha. Angeweza kusema alicheka jambo jingine. Kudama alikuwa tayari kuamini, uso wake wote ulikuwa unaomba aambiwe kwamba alisikia vibaya. Neno moja dogo, na radhi ingepatikana, na kesho msafara. Na akisema kweli, huenda Kudama akaondoka pale na ule upole wa safuni nao ukaisha, na Hija ikaenda na maji.

"Nilicheka," akasema Shadadi.

Kudama akamgeukia. Yalikuwa maneno ya kwanza kumwambia tangu Rajabu. "Kwa nini?"

"Wote walicheka. Niliona haya kubaki peke yangu, nisiyecheka."

"Ukaona heri nibaki peke yangu mimi."

Shadadi alilia waziwazi, mzee mzima, ndevu zake zikalowa. Akasema, "Sina udhuru. Nikinyimwa radhi yako sitoki Wasiti, na sitasema kwamba umenidhulumu."

Bibi Unaysa, ambaye hakuwa na subira na maswali marefu, hakuwaharakisha hata kidogo.

Hatimaye Kudama akasema, "Ungesema hukucheka ningekusamehe papo hapo, kisha usiku ningekisikia tena kile kicheko. Sasa nimekisikia, nimejua na sababu yake. N... n... nenda ukahiji. Nimekuwia radhi. Lakini nikikwama siku nyingine mbele ya watu, usicheke, wala usinimalizie neno. Ningoje tu, kama zamani."

"Nitakungoja," akasema Shadadi.

"Na kinyozi je?" sauti ikatoka nyuma ya pazia. "Naye ni Muislamu. Kafara ni moja kwa watu wawili. Nendeni sasa, unga wangu unaharibika."

Shadadi akatoka na msafara siku ya Ijumaa, na Kudama alimsindikiza mpaka mwisho wa bustani za mitende. Aliporudi mjini aliwalisha maskini kumi, kisha akaenda kwa kinyozi, amejiandaa kwa lawama na maelezo marefu. Kinyozi alikuwa ananoa wembe.

"Karibu, Kudama, kaa kitako," akasema. "Mbona nywele zimekuwa kichaka? Ulifiwa?"

Kudama akasimama pale pale. "Abu Tamimu, nimekuja tupatane. Sijasema nawe tangu walima wa Rajabu."

Kinyozi akamtazama, wembe mkononi, akajaribu kukumbuka. "Wewe?" akasema. "Kwani tulinuniana? Haya, inamisha kichwa."

Zingatieni kisa hiki, enyi ndugu wapenzi. Kinyozi aliadhibiwa kwa kimya miezi kadhaa na hakuhisi lolote; alinyoa vichwa vyake, akala, akalala. Adhabu yote ilimwangukia aliyekuwa akingoja kusemeshwa, na nusu yake ikamrudia mwenye kiapo. Basi ukipitwa na mtu wako usimhukumu mpaka ujue ni nini kinachomfunga, na ukikijua, uwe tayari kwamba huenda fundo ulilifunga wewe. Na wewe unayempita mwenzio bila kumjibu, jua kwamba asiyekupenda hatakusikia ukinyamaza. Mola azilainishe ndimi zetu kabla hazijanyamazishwa na mauti.